Aliyeitika Mikoroshoni

Jambo hili lilimpata Kahaso, bintiye Zipporah fundi cherehani wa Junju. Wanaoliamini na wasioliamini wanakubaliana juu ya kitu kimoja tu: siku lilipoanza, hapakuwa na dalili ya ubaya popote.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Jua lilikuwa limeshakausha umande kwenye majani ya mihogo. Kahaso ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na mamake yuko barazani, miguu kwenye pedali, anashona sare za kwaya. Redio ilipofika kwenye matangazo ya vifo, Zipporah alinyoosha mkono akaizima, kama alivyozoea kufanya tangu bintiye arudi, kisha akaendelea na mshono wake.

"Kahaso!" akaita bila kuinua kichwa. "Niletee maji, mwanangu."

"Abee."

Itikio lilitoka nyuma ya nyumba. Sauti ya msichana, tulivu, yenye kukwaruza kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kahaso alikuwa hajafungua kinywa.

Nazi ilimponyoka ikabingirika mavumbini. Akainuka, akazunguka ukuta polepole, mkono mmoja ukigusa udongo kana kwamba nyumba ingeweza kumkimbia. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Palikuwa na mikorosho, kamba ya kuanikia nguo, na kaburi lake mwenyewe.

Ndiyo, lake. Msalaba wa mbao ulikuwa na jina lake kwa rangi nyeupe, na tarehe ya kuzaliwa aliyoijua, na ya kufa asiyoijua. Na kulielewa kaburi hilo ni lazima kwanza umjue Nzai.

Nzai alikuwa na ofisi Mtwapa, chumba cha ghorofani juu ya duka la simu, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mtu wa maneno laini, shati limenyooka kwa pasi, akiwaamkia mama za wasichana shikamoo hata wale wa rika lake. Kahaso alijiandikisha. Akaambiwa kuna nyumba ya kungojea, ili viza ikitoka safari isimkute mbali. Akapakiwa garini pamoja na Raiya, msichana wa Muyeye kule Malindi. Gari likapita Kilifi, likaacha lami, likaingia kwenye mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, hadi penye jumba la mgeni mmoja ambalo halikuisha kujengwa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa matofali. Chumbani walimkuta msichana wa tatu, mtu wa bara, amekaa pembeni, akiwatazama kwa huruma. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Kitu cha kwanza Nzai alichowanyang'anya ni simu. Cha pili ni majina.

"Humu hakuna jina," aliwaambia, kwa upole wa mtu anayefundisha watoto sala. Kila alipokuja alibisha hodi, yeye mwenye ufunguo, akauliza, "Nani humo?" Nao walitakiwa kujibu kwa pamoja, "Hakuna mtu." Aliyechelewa alinyimwa maji. Aliyetaja jina, lake au la mwenzake, alinyimwa chakula. Alikuwa akingoja wanunuzi, na wanunuzi walikuwa wakikawia, na mpaka waje alitaka wasichana wasiokumbuka kuwa waliwahi kuitwa. Hakuwahi kupaza sauti.

"Ilifika mahali, mama," Kahaso alisimulia baadaye, "akibisha tunasema hakuna mtu, na wala hatuoni kama tunadanganya."

Yeye na Raiya walinong'onezana majina yao masikioni, kwa wizi. Yule wa tatu alikataa. "Langu nimelificha," alisema. "Atachukua vingine vyote. Hilo halipati." Usingizini tu ndipo midomo yake ilipomtoroka, akawa anasema mwenda, mwenda, nao wakawa wanatazamana gizani na kumhurumia. Walidhani anaota yuko njiani anakwenda zake.

Kisha akashikwa na homa. Alitetemeka hadi meno yakagongana. Kahaso akavua gauni lake la kitenge, lile mamake alilomshonea kwa ajili ya safari, akamvika, mwenyewe akabaki na leso. Homa haijapoa, Nzai akaja, akamwita kwa kidole. Msichana akatoka amevaa gauni la Kahaso. Mlango ukafungwa. Hawakumwona tena.

Raiya ndiye aliyewaokoa. Kwa mpini wa kijiko alichokonoa saruji ya dirisha lililozibwa hadi tofali likalegea likaanguka nje, akapenyeza mkono wake. Mchoma makaa aliyekuwa akipita aliona mkono wa mtu umeota ukutani unapunga, akatimua mbio, akijua ni shetani. Lakini alirudi. Alirudi na watu. Nzai alikamatwa na yuko rumande hadi leo, na hajasema neno. Akiulizwa majina ya wasichana, huwatazama waulizaji na kutabasamu.

Kahaso alirudishwa kwao kwa gari la polisi, mchana, jua kali. Mamake alikuwa barazani amevaa nguo nyeusi. Alipomwona alipiga ukelele, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu nimemzika," sauti ya Zipporah ikajibu kwa ndani. "Usinitese. Nimemzika kwa mikono yangu."

Na kweli alimzika. Bahari ilikuwa imetupa maiti ufukweni, uso umeliwa na chumvi na samaki, hautambuliki. Lakini gauni lilitambulika. Zipporah alishika pindo lake chumba cha maiti, akapapasa mshono kwa ncha za vidole, akasema, "Mkono wangu siwezi kuusahau." Akaiosha mwenyewe ile maiti. Akaivika. Kambi, kakake, akachimba kaburi mikoroshoni. Na tangu siku hiyo, kila mchana chakula kilipoiva, Zipporah alikwenda kukaa penye lile tuta na kuita, "Kahaso! Kahaso, mwanangu!" kama mama anavyomwita mtoto aje kula. Majirani walimwacha. Nani angemkataza?

Mlango ulifunguliwa siku ile, na walilia pamoja hadi sauti zikawakauka. Ila kaburi lilibaki. Polisi walisema haliwezi kufukuliwa mpaka wapatikane jamaa wa yule marehemu, wa kulinganishwa naye damu, na jamaa wa mtu asiye na jina utawatafuta wapi? Kahaso akataka walau msalaba ung'olewe. Mjomba Kambi alitikisa kichwa.

"Mkiung'oa huu," alisema, "yule aliyelala pale mtamwachia nini?"

Hivyo ukabaki.

Watu wa Junju hawakujua wamfanye nini msichana aliyekwisha kuzikwa. Walimpokea kwa vigelegele, kisha wakaanza kumtazama. Wengine wakanong'ona msukule. Akipika, walikuwa wameshiba. Wanawake walioleta vitambaa vya kushonwa wakaanza kupeleka kwingine, wakisema wana haraka. Naye Kahaso alikuwa na ugonjwa wake ambao hakumwambia mtu. Jirani akisimama nje na kupiga hodi, kabla hajafikiri, kinywa chake kilijibu chenyewe: "Hakuna mtu." Mshauri wa hospitali alimwambia ajitaje jina kila asubuhi mbele ya kioo. Alijaribu. Kinywa kilifunguka, midomo ikaumba herufi, sauti ikagoma. Kwenye kioo alionekana kama samaki aliyetolewa majini.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo asubuhi ile ya nazi.

"Mama," aliuliza, amerudi barazani. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

Lakini Zipporah hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mikoroshoni, na uso wake ulikuwa umelainika, kama wa mtu aliyeona mwanawe anatoka shule.

Baada ya siku hiyo itikio lile halikukoma. Mama akiita toka jikoni, mikoroshoni kunaitika. Akiita toka shambani, kunaitika. Mwanzo itikio lilikuja pale Kahaso alipochelewa. Kisha likaanza kumtangulia. Kisha likawa karibu zaidi: kwenye kamba ya nguo, penye pipa la maji, chini ya dirisha. Kila lilipotangulia, koo lake mwenyewe lilibana zaidi, hadi akawa anakwenda kwa mamake kimya, anasimama mbele yake bila kujibu, kama mtumishi.

Akampigia simu Raiya. Huyo ndiye mtu pekee asiyehitaji kuelezwa.

"Mbona umeondoka bila kuaga?" Raiya alisema hata kabla ya salamu.

"Nimeondoka wapi?"

"Hapa kwetu. Umebisha sasa hivi. Nikauliza nani, ukasema Kahaso. Nikatoka, huonekani."

"Raiya. Mimi niko Junju."

Upande wa pili sauti ya adhana ilisikika kwa mbali, ikaisha.

"Basi usije," Raiya akanong'ona. "Wallahi, usije. Sitajua yupi ni wewe." Akakata.

Zipporah naye alikuwa na hofu yake. Alikuwa amempoteza binti huyu mara moja, na hakuwa na moyo wa kumpoteza tena. Siku za kwenda sokoni alianza kufunga mlango kwa nje, kwa kufuli. Kahaso alipolia, alimshika mashavu akasema, "Sikufungii wewe, mwanangu. Nawafungia wao." Ufunguo ukageuka. Ulikuwa mlio uleule. Makufuli yote ya dunia yana mlio mmoja.

Siku moja ya soko, jua limesimama katikati ya mbingu, Kahaso alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Mwanga uliingia kwa nyufa tu, nyembamba kama nyuzi. Nje hakukuwa na upepo. Hata kuku walikuwa wamenyamaza.

Majani makavu ya mikorosho yakalia.

Krash. Krash. Mtu anatembea pekupeku, bila haraka. Akapita nyuma ya nyumba. Akapita chini ya dirisha, na uzi mmoja wa mwanga ukakatika, ukarudi. Akafika barazani. Pedali ya cherehani ikagongwa kidogo, kama mtu aliyepita karibu mno.

Akasimama mlangoni.

"Hodi."

Kahaso alijua kinachokuja. Akauma ulimi. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kikapita katikati ya vidole.

"Hakuna mtu."

Huko nje mtu akashusha pumzi ndefu, kama aliyengoja ruhusa kwa muda mrefu.

"Haya," ile sauti ikasema. "Basi Kahaso ni mimi."

Hakusogea. Hakuweza. Alisikia ndala za mamake zikija njiani, pa, pa, pa, na hatua za mtu aliyechoka na mzigo. Zikasimama.

"Kahaso! Mwanangu! Umetokaje nje?"

"Abee, mama."

"Na jua hili! Haya nipokee kikapu, mkono umekufa ganzi."

Na Zipporah akacheka. Kahaso hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu kabla ya Nzai. Alikuwa amekitamani kila siku mle kizani, na tangu arudi hajakipata, na sasa kilikuwa pale, upande wa pili wa mbao, anapewa mwingine. Mamake alikuwa akieleza habari za sokoni. Bamia zimekauka. Yule mwenye nazi hana haya. Sauti nyingine iliitika taratibu, ee, ee mama, kama binti mwema.

"Ngoja nifungue tuingie," Zipporah akasema. Funguo zikalia.

"Usifungue, mama."

"Kwa nini?"

"Hakuna mtu humo."

Funguo zikanyamaza.

Kahaso alijitupa mlangoni. Akapiga mbao kwa viganja, na viganja havikutoa kishindo, vilitoa mlio mdogo tu, kama wa panya. Akafungua kinywa. Hewa. Hewa tupu. Akaona kuta zinakaribiana. Akaona tofali. Akaona mkono wa Raiya umepenya ukutani, unapunga kwenye jua, haujui kama kuna anayeuona, na bado unapunga.

"Ka," akasema.

"Kaha..." Damu ilimjaa mdomoni, alikuwa ameukata ulimi. Akaimeza. "Kahaso! Kahaso ni mimi! Mama, nimo humu! Ni mimi!"

Kufuli likafunguka. Jua likamwangukia. Zipporah alikuwa amesimama mlangoni peke yake, mikono mitupu, uso wa jivu.

"Nimekuacha hapa," alisema polepole, akionyesha pembeni yake. "Sasa hivi. Umenipokea kikapu."

Walikikuta kikapu mikoroshoni. Kilikuwa kimewekwa vizuri, bila kumwagika hata bamia moja, juu ya kaburi, upande wa kichwani.

Zipporah aliketi chini palepale, na kwa mara ya kwanza akasema. Alikuwa akisikia. Tangu mwanzo alikuwa akisikia, hata kabla Kahaso hajarudi.

"Nimemzoeza mimi," alisema. "Nilimwita jina hilo kila mchana, kwa machozi, mtoto wa watu. Mtu akiitwa kwa mapenzi, mwisho huitika. Hata kama si jina lake. Na nilijua si wewe, Kahaso. Ulipokuwa umekaa mbele yangu nilijua. Lakini nilimwosha. Nilimkata kucha. Ningemwambiaje aondoke?"

Kahaso alitazama msalaba. Hofu haikumtoka, ila kando yake palikuja kitu kingine, kizito kuliko hofu. Alimkumbuka msichana yule pembeni mwa chumba, akitetemeka, akilikumbatia jina lake hadi mwisho. Alilificha vizuri mno. Hakuna aliyebaki nalo.

"Haniibii jina, mama," alisema. "Hana lingine."

Asubuhi yake alikwenda Malindi, peke yake, mara ya kwanza tangu kuokolewa. Nyumba ya Raiya pale Muyeye haikuwa na mlango hata mmoja ndani. Alikuwa ameing'oa yote, ameiegemeza uani, na badala yake ametundika mapazia. Nyanyake alilalamika kwamba wanaishi kama sokoni. Raiya alimtazama Kahaso kwa muda mrefu toka barazani, bila kumkaribisha.

"Nitajuaje?" aliuliza.

Kahaso akatoa ulimi, akamwonyesha kidonda. "Maiti haitoki damu."

Raiya akaangua kilio na kicheko pamoja, akamvuta akamkumbatia. Walikaa barazani na kahawa, wakajaribu kumkumbuka mwenzao. Walijua alivyokohoa. Walijua hapendi kulala karibu na ukuta. Lakini kwao wapi, binti wa nani? Kila walichokishika kilikatika. Ng'ambo ya njia palikuwa na kibanda cha miraa, na mzigo ulikuwa ndio umefika, na wanaume wamejazana wanapokezana mafurushi. Mmoja akapaza sauti toka juu ya gari.

"Mwenda! We Mwenda! Shika hili!"

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu akageuka, akainua mikono kupokea.

Kikombe cha Raiya kilibaki hewani. Walitazamana. Wakainuka pamoja, wakavuka njia.

"Kaka, samahani," Kahaso akasema. "Mwenda ni jina?"

Yule mtu akacheka. "Jina langu, dada. Kwetu Meru tuko wengi. Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mtu anayekwenda," Kahaso akasema, na machozi yakamtoka.

Muuza miraa yule hakuwa ndugu wa yeyote waliyemtafuta. Lakini aliisikiliza habari yote amesimama, kofia mkononi, kisha akatoa simu. Wauza miraa wa Meru wametapakaa pwani nzima, na kila mmoja ana jamaa nyumbani mwenye simu. Haikupita juma, akapiga simu mtu mwingine, naye ni Mwenda. Dadake alishuka pwani kutafuta kazi, simu yake ikazimika, na yeye amezunguka Mombasa na Mtwapa akionyesha picha hadi viatu vimekwisha soli. Yeye ndiye aliyemlea dada huyo baada ya baba yao kufa. Binti akiota vibaya utotoni, alimwita kaka yake.

"Anaitwa Idah," alisema. "Tafadhali niambieni yuko wapi."

Jioni ile Kahaso alikwenda mikoroshoni kabla jua halijazama. Alisimama mbali kidogo na tuta akasema, "Idah." Akasubiri. "Idah, Mwenda anakuja."

Hapakuitika mtu. Lakini majani makavu yalilia mara moja tu, karibu sana na miguu yake, kama mtu aliyekaa chini.

Damu ya mamake Idah ililinganishwa na sampuli ya maiti iliyohifadhiwa hospitalini, ikakubali. Kibali kikatoka. Siku ya kufukua walikuja polisi na watu wa hospitali, na Mwenda, na mama mfupi mwenye shuka la bara mabegani ingawa joto lilikuwa kali. Zipporah alimpokea mlangoni. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha kwa jambo lile, hivyo walishikana mikono tu.

"Hakuzikwa kama mtu aliyetupwa," Zipporah akasema, na Mwenda akatafsiri. "Nilimwosha. Nilimlilia kila siku. Alikuwa na mama hapa."

Yule mama alimjibu kwa maneno machache. "Anasema," Mwenda akafasiri, akijitahidi, "anasema asante kwa kumshikia mtoto."

Kambi na vijana walichimba. Jeneza likatoka, likiwa limeoza pembeni tu, likafunikwa shuka jeupe. Mamake Idah akaweka mkono juu yake akamwita bintiye kwa jina, kwa lugha ya kwao, akimwambia waende nyumbani. Watu wote walitega masikio, hata wale polisi. Mikoroshoni kulikuwa kimya. Ule ukimya wa kawaida, wenye ndege. Gari likaondoka na vumbi likatulia nyuma yake.

Msalaba ukang'olewa. Zipporah akauvunja kwa goti lake mwenyewe akautia jikoni chini ya sufuria. Kisha, kwa woga, akaita.

"Kahaso!"

"Abee, mama."

Itikio lilikuwa moja. Lilitoka kooni mwa Kahaso, kavu, lenye kukwama, na lilikuwa lake. Mama na binti walitazamana, na Zipporah akaanza kucheka, na kicheko kilikuwa kilekile, na safari hii alipewa mwenyewe.

Nyuma ya nyumba Kambi alikuwa akifukia shimo. Alikuwa ameagiza mkokoteni wa mchanga wa kuongezea, kwa sababu kaburi lililotolewa jeneza halijai kwa udongo wake. Kitu kimeondoka, lazima pengo libaki. Kahaso alimpelekea maji ya kunywa. Akamkuta amesimama ameegemea koleo, hachimbi, hafukii.

Shimo lilikuwa limejaa. Mkokoteni ulikuwa bado na mchanga wake wote, haujaguswa. Na udongo uliotoka ulikuwa umerudi wote ndani, na juu yake limebaki tuta. Urefu wa mtu. Vilevile lilivyokuwa jana, kana kwamba jeneza halikutoka.

Kambi hakupokea maji. Alikuwa akilitazama lile tuta, kisha akamtazama Kahaso, akashusha sauti ili dada yake aliyekuwa jikoni asisikie.

"Mwanangu. Mle alimowafungia. Mlikuwa wangapi?"

"Watatu, mjomba."

"Watatu."

"Tulikuwa watatu."

Kambi akaitikia kwa kichwa. Akafuta koleo lake kwa majani, akalitia begani, akaondoka kwa njia ya shambani, bila kuaga.

Kahaso sasa anaishi Mtwapa, ana kibanda cha kushona, na mtu akimpigia hodi anajibu, "Karibu, ni mimi." Zipporah yuko palepale Junju. Masika yamelinyeshea lile tuta msimu mzima, mvua za kubomoa kuta, na kuku wamelichakura, na mbuzi wamelipanda.

Halijashuka hata kidogo.